Mwalimu wa Hesabu na Mwisho wa Vitabu Saba

Nilimwonea wivu mwalimu wa Hesabu kwa miaka kumi na tisa. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani namsifu kwa moyo mweupe. Tulifundisha shule moja ya msingi hapa Voi, madarasa yetu yakitenganishwa na ukuta wa mbao usiofika darini. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, mkuu wa idara, mwandishi wa riwaya moja ya kurasa mia tatu na kumi. Yeye alifundisha kujumlisha na kutoa. Halafu yeye, wala si mimi, akaandika vitabu saba vyembamba vya kutisha watoto, na watoto wa kaunti nzima wakavisoma mpaka majalada yakachanika.

Jina lake silitaji. Shuleni hakuna aliyelitumia, hata wazazi. Alikuwa Madam wa Hesabu, basi. Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, mwenye viatu vya raba vilivyomwezesha kukutokea nyuma bila kusikika, na chaki sikioni vile fundi anavyoweka penseli. Chakula cha mchana alikibeba kutoka nyumbani kwenye mkebe wa plastiki, mara nyingi kimanga, muhogo na maharage vilivyopondwa pamoja, na hakula kabla hajaupitisha mkebe ule kwa kila aliyeketi mezani. Nilichota kama wengine. Kilikuwa kitamu, na hilo nalo liliniudhi.

Hadithi zake aliziandika katika daftari la hesabu, lile la miraba. Kila herufi aliipa mraba wake, kwa herufi kubwa, kwa penseli, akifuta na kupuliza vumbi la kifutio. Ukitazama ukurasa kwa mbali ungedhani ni jedwali la kuzidisha. Nilimwuliza siku moja kwa nini asiandike kama watu wengine.

"Nikiandika hivi najua sentensi imekuwa ndefu," alisema. "Ikipita mistari miwili mtoto amechoka. Mtoto akichoka haogopi tena."

Mimi sentensi yangu ya kwanza katika riwaya ina mistari kumi na minne. Nilikuwa nikijivunia.

Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, aliwasomea watoto wa Gredi ya Nne. Upande wangu wa ukuta nilikuwa nikifundisha insha. Kwanza kulikuwa kimya upande ule, kimya cha watoto arobaini wasiokohoa, na watoto wangu nao wakaacha kuandika na kuinua vichwa. Ikaja sauti yake ya chini, isiyopanda wala kushuka, kama anasoma swali la mtihani. Kisha mayowe. Kisha vicheko, viti vikivutwa, na mtoto mmoja wa darasa langu akininong'oneza, "Mwalimu, tunaweza kwenda kusikiliza?" Nikasema hapana. Nilisema hapana miaka yote ile.

Alikuwa na sheria zake kuhusu kutisha. Mtoto apige kelele, lakini asilie. Akilia, hadithi imeharibika, na aliiandika upya wikendi nzima. Zimwi lisimguse mtoto mwili. Na mtu mzima katika hadithi asiwe mjinga, kwa sababu, alisema, watoto tayari wanajua watu wazima ni wajinga na hawahitaji kitabu cha kuwaambia. Aliniambia hayo akinitazama machoni bila hata dalili ya utani, nikabaki nikijiuliza kama nimesemwa.

Na mwoga! Huyu mwanamke aliyewatia watoto baridi ya uti wa mgongo alikuwa anaogopa kuku. Mzazi mmoja alimletea jogoo wa shukrani baada ya mwanawe kufaulu, jogoo mwekundu mwenye miguu iliyofungwa kwa kamba ya mkonge. Kamba ikalegea. Tulipoingia ofisi ya walimu tulimkuta Madam wa Hesabu amesimama juu ya meza na rula ya mita moja mkononi, jogoo amelala chini kwa amani akila makombo ya mandazi. "Mtoeni," alisema, "msinicheke, mtoeni." Tulicheka. Alishuka akiwa na machozi halisi. Jumapili iliyofuata aliongoza kwaya ya kanisa kana kwamba hajawahi kuogopa kitu duniani.

Nieleze sasa vitabu vyenyewe. Mfululizo wote uliitwa *Usiitike*. Katika kila kitabu kuna kitu kinachowaita watoto kwa majina yao: kwenye choo cha mwisho cha shule, kwenye behewa lililoachwa kando ya reli, katikati ya safu za mkonge zinazofanana mpaka hujui ulikotokea. Watoto wanakimbia, wanajificha, wanachunguza. Mwishoni wanagundua kwamba kile kitu hakikutoka kuzimu. Kimetokana na hasira ya mtu wanayemjua, hasira aliyoimeza akanyamaza nayo miaka. Babu aliyenyang'anywa shamba na ndugu yake. Dada aliyesingiziwa wizi. Mara moja ilikuwa hasira ya mtoto mwenyewe.

Na hapo hakuna mapigano. Watoto wanamletea yule mwenye hasira kikombe cha maji. Anapiga funda, anayatema nje yakatawanyika, na anasema kwa sauti kilichomuudhi na nani aliyemuudhi. Anarudia mpaka hana la kusema. Kile kitu kinakosa mahali pa kukaa, kinaondoka.

Wazee wa milimani wanaijua desturi hii. Wanaiita kutasa. Waliifanya kwa maji au kwa pombe ya miwa, mtu akatema hasira yake hadharani ili isije ikawadhuru jamaa, kwa maana iliaminika kwamba hasira iliyofichwa moyoni inaweza kumfanya mtu mwingine kabisa augue. Siku hizi wengi wetu tunasali kanisani na mambo hayo tunayaeleza kwa sauti ya chini. Mchungaji wake aliwahi kumwita kumwuliza. Alirudi ofisini akafungua mkebe wake wa chakula kama kawaida.

"Umemwambia nini?" nilimwuliza.

"Nimemwambia aniletee mtu mmoja aliyeumizwa na kusema ukweli akiwa na maji mdomoni."

"Na yeye?"

"Ameniuliza kitabu cha nane kinatoka lini. Mtoto wake anasumbua."

Watoto waliichukua ile desturi wakaifanya yao. Wakigombana uwanjani, walikwenda kwenye tangi la maji, wakakinga viganja, wakapiga funda na kutema. "Nimekasirika kwa sababu umesema mamangu anauza makaa!" Puu. "Na mimi nimekasirika kwa sababu hukunipa zamu ya mpira!" Puu. Naibu mwalimu mkuu alikuja juu. Voi maji ni shida, mifereji inakauka wiki nzima, na hawa wanatema maji ya kunywa chini! Akapiga marufuku. Madam wa Hesabu akapiga hesabu mbele ya walimu wote: funda moja kwa kila ugomvi, ugomvi mara ngapi kwa siku, na madirisha mangapi yaliyovunjwa muhula uliopita kwa ngumi na mawe. Marufuku ikaondolewa kimyakimya, kwa sharti la kupima maji kwa vifuniko vya chupa badala ya viganja.

Mimi nilikuwa wapi katika haya yote? Mimi nilikuwa kalamu nyekundu. Hesabu alizijua, ngeli zilimshinda; lugha yake ya kwanza ni Kidawida, lugha ya milimani, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha barabarani. Kila muswada ulipita mezani kwangu kabla ya kwenda kwa wachapishaji. Nilirekebisha "hii kitabu" na "ile maji", na nikiwa huko huko nikaongeza kidogo: tashbihi hapa, maneno mazito ya pwani pale. Aliupokea muswada, akasoma mbele yangu, akabakiza masahihisho na kufuta nyongeza zote.

"Makosa yangu asante, umenitolea," alisema. "Lakini hii mapambo yako siitaki, Mwalimu. Mtoto akianza kuangalia mapambo anasahau kuogopa."

Mapambo. Riwaya yangu yote, miaka minne ya maisha yangu, ilikuwa imejengwa kwa kile alichokiita mapambo. Hakuwa na nia mbaya, na angekuwa nayo ningepata nafuu.

Nakumbuka likizo moja mjukuu wangu alipokuja kukaa nasi. Nilimkuta amejilaza sakafuni sebuleni, kitabu cha *Usiitike* puani, vidole vya miguu vimekunjika kwa hofu. Sentimita chache kutoka kichwani pake, riwaya yangu ilikuwa imeinua mguu mmoja wa meza ya televisheni. Mke wangu aliiweka pale kwa sababu ilikuwa na unene uliofaa. Nilikaa kitini nikamtazama mtoto akigeuza kurasa, na nikamchukia mwalimu wa Hesabu kwa roho yangu yote. Kesho yake nilikula kimanga chake.

Sasa nifike kwenye filamu. Alikuwa amestaafu mwaka mmoja tu alipokuja prodyusa kutoka Nairobi, msichana mwenye nywele fupi na maneno ya haraka, aliyekua akivisoma vile vitabu kwa shangazi yake Mwatate. Walitaka kuviunganisha vyote saba kuwa filamu moja, ya familia nzima kutazama pamoja, ya kutisha lakini isiyowanyima watoto usingizi. Mji mzima ukachangamka. Watoto walipanga foleni kujaribiwa sauti za mayowe, na wazazi wakajitokeza na suti kana kwamba ni wao watakaoigiza.

Wakati huohuo dada yake Madam aliugua kule Njukini, karibu na mpaka, naye akaenda kumuuguza. Simu kule zilishika na kukatika. Kabla hajaondoka alimwambia prodyusa, "Mkikwama, mwulizeni Mwalimu wa Kiswahili. Hii vitabu anaijua kunishinda." Ndivyo nilivyopata cheo cha mshauri wa lugha, kwa mdomo wake yeye. Niliwekewa kiti chenye jina langu mgongoni, kikapangwa kivulini kando ya mashamba ya mkonge.

Nilifanya kazi ile vizuri kwa wiki mbili. Niliwafundisha watoto wa Nairobi kutamka, nikawaeleza waigizaji jinsi mzee wa huku anavyosalimiwa. Kisha mchana mmoja, jua likiwaka, dairekta alikuja na skripti mkononi akiwa na prodyusa. Walifika kwenye mwisho. Babu mstaafu wa reli, aliyekosana na ndugu yake, anatakiwa kupiga funda la maji na kusema hasira yake, na lile zimwi la mkonge linatoweka.

"Mwalimu, tuambie ukweli," dairekta alisema. "Hii ya kutema maji. Dakika nane mzee anatema na kuongea. Ina maana yoyote, ama ni kitu Madam aliweka tu?"

"Kwa sababu tukiiondoa," prodyusa akasema, "watoto wanaweza kulichoma zimwi na mienge. Kuna msisimko. Lakini kama ni kitu muhimu hatugusi. Tumempigia Madam hashikiki. Wewe ndiye unajua."

Nilijua. Hakuna aliyejua zaidi yangu, nilivisoma vitabu vile mara nyingi kuliko mama yeyote wa Voi. Ningeweza kuwaeleza kutasa kwa nusu saa wakatokwa na machozi. Niliufikiria ule mguu wa meza ya televisheni. Nikasikia sauti yangu ikisema, kwa utulivu wa mtaalamu:

"Ni mapambo tu. Ondoeni."

Walinishukuru. Dairekta alichora mstari kwenye kurasa nne, moja baada ya nyingine. Nililala vizuri siku ile, na hilo ndilo linaloniaibisha hadi leo.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi moja saa nne asubuhi katika ukumbi wa kanisa, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi. Madam alikuwa amerudi, dada yake amepona. Alikaa mstari wa mbele na gauni la kijani, nami nyuma yake, mahali ninapoweza kuuona uso wake kwa ubavu. Nilikuja kumwona akiumia. Sina namna nzuri ya kulieleza hilo.

Filamu ilipendeza, niseme haki. Watoto walipiga mayowe, akina mama walifunika macho ya wadogo kisha wakachungulia wenyewe. Mwishoni mienge ikawashwa, mkonge ukashika moto, zimwi likaanguka likiunguruma. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Yeye naye alipiga makofi, mikono juu kidogo, kama afanyavyo kanisani. Jina langu likapita kwenye pazia, dogo, chini ya lile la mpishi.

Nje, wavulana na wasichana walishaokota vijiti na walikuwa wakipigana mienge. Mtoto mmoja wa Gredi ya Tatu, msichana aliyeng'oka meno ya mbele, alimvuta gauni.

"Madam, na ile hasira ya babu imeenda wapi?"

"Kamwulize Mwalimu wa Kiswahili," alisema. "Yeye ndiye anajua."

Nilimtazama nikitafuta kijembe usoni mwake. Alikuwa anatabasamu tu, akinisogezea yule mtoto. Nilimwambia mtoto kwamba iliungua pamoja na zimwi. Akasema, "Hasira haiungui," akaenda zake.

Baada ya siku ile niliacha kumtembelea. Nilijiambia amehamia mbali, juu kule nyuma ya Wundanyi, barabara ni mbaya, goti linauma. Miezi ikapita. Kisha mwenye duka la vitabu mjini akaniambia habari kwa furaha: wachapishaji, wakishirikiana na yule prodyusa, wanachapisha upya vitabu vyote saba, picha za filamu kwenye jalada, na mwisho mpya katika kila kimoja. Watoto watashinda kwa moto, kwa kamba, kwa mtego. "Kile cha kutema maji wametoa," alisema. "Mwenyewe amekubali."

Aibu ya kuharibu filamu moja nilikuwa nimeanza kuizoea. Lakini vitabu! Miaka kumi ijayo kungekuwa na watoto wasiojua kwamba kulikuwa na mwisho mwingine, na pale kwenye tangi wangesimama wakitazamana bila cha kufanya. Nilipanda Wundanyi keshoye, na shati jepesi la kuvalia joto la Voi, nikatetemeka njia nzima kwa ukungu.

Nilimkuta kibarazani akichambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amepungua mwili. Aliinuka kunipokea kwa mikono miwili.

"Karibu Mwalimu! Umepotea sana. Kaa hapa, hapo kuna upepo."

Aliniletea chai ya maziwa na akaniuliza habari za mke wangu, za goti, za mjukuu. Nilijibu yote. Kisha nikamwambia nimesikia habari za vitabu, na nikamwuliza kwa nini amekubali.

"Ile siku walikuwa wanapiga picha, walinipata kwa simu jioni," alisema, macho kwenye maharage. "Nilikuwa nimepanda mahali pa juu kutafuta mtandao. Wakaniambia, Mwalimu amesema ile mwisho ni mapambo. Iliniuma, sitadanganya. Halafu nikafikiria, huyu mtu amesahihisha vitabu yangu yote. Miaka yote hajanitolea kitu kizuri, ametoa makosa tu. Kama yeye amesema ni mapambo, basi ni mimi sikuona. Nikawaambia, kama ni yeye amesema, toeni. Na wachapishaji nimewaambia hivyo hivyo."

Nilisogeza kikombe cha chai kando. Miaka kumi na tisa nilitaka neno langu lipite neno lake, hata mara moja tu. Kumbe lilikuwa limepita.

"Madam," nikasema, "niliwadanganya. Ule mwisho ndio kitabu. Niliujua. Nilisema vile kwa sababu nakuonea wivu. Tangu zamani. Nilitaka uwe na kitu kimoja kibaya."

Hakushtuka. Alitoa jiwe dogo kwenye maharage akalitupa uani.

"Wivu nilikuwa najua," alisema. "Kwani ulifikiri ulikuwa umeficha? Ulikuwa unakula chakula changu ukiwa umenuna. Nilijua, na bado nilikuletea kila kitabu, kwa sababu hata ukiwa na wivu kalamu yako ilikuwa inasema ukweli." Akatikisa ungo. "Hii ya uongo ndiyo sikujua."

Nilisema samahani. Aliifuta mikono kwenye leso, akatoa simu mfukoni, akatafuta namba kwa kidole kimoja polepole, akaibonyeza na kuiweka mezani kati yetu, sauti ikiwa wazi. Ililia mara nne. Nilimwomba kwa macho aizime, anipe hata wiki moja, nitaandika barua nzuri. Alikuwa amerudi kwenye ungo wake.

"Haloo, Madam!" ilikuwa sauti ya prodyusa, changamfu, magari yakipiga honi nyuma yake. "Vitabu viko karibu kwenda mitamboni, umenipata tu kwa bahati. Kuna kitu?"

Mwalimu wa Hesabu alinyanyua kidevu kunielekeza kwenye simu.

"Si Madam," nikasema. "Ni mimi."